Pumzi ya Kurudi

Mwanangu Thuraya,

Salamu zangu utazipata kesho baada ya swala ya alfajiri, kwa mdomo, nikikushika mkono pale mlangoni. Hapa naandika yale ambayo mdomo umenishinda. Nyumba nzima inajua kuwa mimi si mtu wa maneno, na wewe umelijua hilo tangu mdogo.

Sasa hivi ni baada ya alasiri. Nimekaa chumba cha mbele na mlango nimeurudisha. Huko uani nawasikia mama yako na mashangazi zako wanabishana juu ya sanduku lako. Mmoja anasema halwa itoke, mwengine anasema viatu ndivyo vitoke. Mama yako ameshakueleza khabari za baridi, dawa, chakula, na watu wa kujihadhari nao. Sina la kuongeza hapo, na hata lingekuwapo asingeniachia.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilicholelewa nacho Unguja kabla sijaletwa Oman, na Kiarabu changu mpaka leo ni cha kazini. Neno likikushinda, mpigie mama yako umuulize. Atafurahi kupata sababu ya kusikia sauti yako.

Nataka kukuhadithia jambo lililonipata katika nchi hiyo unayokwenda. Ulipokuwa mtoto uliniuliza kwa nini nachechemea, nikakwambia nilianguka farasi Ujerumani. Ukaridhika, ukaenda kucheza. Ulipokua hukuuliza tena, nami nikaona afadhali.

Nilikuwa kijana katika kikosi cha farasi cha serikali. Ami yako Khalfan tulikuwa naye chumba kimoja. Yeye ni mtu wa mji wa Adam, kwao wanafuga tangu mababu, na farasi alianza kumpanda kabla hajajua kusoma. Mimi nilijifunzia kikosini, kwa kuanguka na kupanda tena. Watu walikuwa wakinitania kuwa mtoto wa Unguja anajua karafuu, farasi atamjulia wapi. Walikuwa wanacheka na mimi nacheka nao, lakini usiku wa siku hizo nilikuwa silali vizuri. Basi nikafanya bidii mpaka nikawa katika wazuri, na tulipochaguliwa wachache kwenda Ujerumani kujifunza zaidi, jina langu lilikuwamo pamoja na la Khalfan.

Tulipelekwa shamba moja kubwa la farasi, karibu na kijiji kilichopo ukingoni mwa mto. Mwenye shamba alikuwa mwanamke mtu mzima, mjane, tukimwita Bi Greta. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota kama changu, ndiyo maana tulielewana. Alikuwa mkali mabandani na mpole mezani. Alinipa nimpande farasi wake mwenyewe, jike wa rangi ya majivu, jina lake kwa lugha yao maana yake ukungu, nami nikamwita Ukungu. Sijapata kumpanda farasi mwengine kama yule, kabla yake wala baada yake. Ukifikiria kubadilisha mwendo tu, ameshaubadilisha.

Sasa, nyuma ya shamba lile kulikuwa na malisho mapana yanayoteremka mpaka mtoni, na katikati yake ghala la mawe. Jioni moja Khalfan aliuliza kwa nini kuna jiwe limesimamishwa pale peke yake, halina maandishi. Bi Greta akatuhadithia.

Alisema palipiganwa vita hapo zama za Napoleoni. Vita vidogo, vya wapanda farasi tu, wala havikumaliza siku. Vitabu vikubwa havivitaji, lakini watu wa kijiji hawajavisahau. Wafaransa walikuwa wanarudi nyuma, wamechoka, wamewapakia majeruhi wao katika magari ya kukokotwa, na njia yao ilipita kwenye daraja moja la mbao, jembamba. Ili magari yapate kuvuka, kikosi kidogo cha wapanda farasi kikaachwa kwenye malisho. Hawakuambiwa washinde. Waliambiwa wawazuie maadui mpaka gari la mwisho livuke.

Maadui walipotokea, kapteni wa kikosi kile akawaendea kwa shoti, panga nje. Wale waliotangulia upande wa pili hawakulitarajia hilo, wakageuza farasi wakakimbia. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Lakini askari wakishaona migongo ya watu wanaokimbia, hawaoni tena kitu chengine. Tarumbeta ikapigwa ya kuwarudisha, wakarudi wachache. Waliobaki wakafukuza mpaka nyuma ya ghala, na nyuma ya ghala kulikuwa na kikosi chengine cha maadui, farasi wao wamepumzika, wanangoja tu. Farasi wa Wafaransa walikuwa hoi, mapovu yanawatoka. Hata kugeuka hawakuweza.

"Farasi ana pumzi ya kwenda na ana pumzi ya kurudi," Bi Greta alisema. "Wale vijana walizitumia zote mbili kwa kwenda."

Khalfan akamuuliza, "Na magari ya majeruhi?"

"Mengine yalivuka," alisema. "Mengine hayakuvuka."

Kisha akainuka kutoa sahani. Jiwe lile liliwekwa na watu wa kijiji kwa ajili ya farasi, kwa sababu ndio waliozikwa hapo. Watu walizikwa kwengine.

Nakuhadithia haya kwa urefu ili ujue kuwa nilikuwa nimeshaambiwa. Nilikaa mezani, nikasikiliza, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilijisemea moyoni kuwa wale walikuwa wajinga.

Kila mwaka, miti ikianza kuchanua, watu wa kijiji kile na vijiji vya jirani hukusanyika wakaviigiza vita vyao. Huvaa nguo za zamani, hushika panga zisizo makali, na watazamaji hukaa kwenye kilima na vikapu vya chakula. Mwaka ule wapanda farasi walikuwa pungufu, Bi Greta akatuomba sisi wageni tuwasaidie. Mwalimu mmoja wa skuli ya pale, ambaye ndiye aliyeipanga shughuli, akasema jeshi la Wafaransa lilikuwa na wapanda farasi waliotoka Misri, basi sisi tutafaa upande huo. Tukafungwa vilemba vikubwa, tukavikwa suruali za kupwaya.

"Tumetoka Oman tuje tufanywe Wamisri," Khalfan alisema, akijitazama kwenye kioo cha banda. "Mama akiniona hivi atanikana."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Naikumbuka ile nusu saa ya kuvaa kuliko mambo mengi ya maisha yangu.

Mpango ulikuwa rahisi. Tunawaendea, wale wa koti jeupe, yaani maadui, wanageuka wanakimbia, sisi tunawafukuza mpaka kwenye utepe uliofungwa kwenye vijiti mbele ya ghala. Hapo tarumbeta inalia, tunasimama wote. Tukishasimama, kikosi cha nyuma ya ghala kinatoka kwa kasi, watazamaji wanashtuka, kisha tunapigana kwa kuigiza, farasi wanatembea. Mwalimu alituambia mara kadhaa: asipite mtu utepe, kwa sababu wanaotoka nyuma ya ghala hawawaoni.

Tukatoka. Ukungu alianza taratibu, kisha akafungua mwendo ambao alikuwa hajanipa siku zote zile. Ardhi ilikuwa laini, upepo unaingia kwenye kilemba, watu kilimani wanapiga kelele. Mbele yangu kulikuwa na mtu wa koti jeupe, mgongo wake unapanda na kushuka. Sikumjua hata jina. Nilitaka kumfikia tu. Tarumbeta ikalia. Niliisikia, mwanangu, na niliuona utepe. Nikasema moyoni, nikimfikia huyu nitasimama. Na nyuma ya hilo kulikuwa na jengine dogo, la kijinga, kwamba watu wote hawa sasa wanamuona mtoto wa Unguja.

Mimi na Ukungu tukapita utepe. Kikosi kikatoka nyuma ya ghala wakati ule ule, na farasi wa kwanza akatuingia ubavuni.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka niko chini, uzito umenilalia, kisha uzito umeondoka. Khalfan alikuwa amesimama kwenye utepe kama alivyoambiwa, akateremka akaja mbio. Akanishika uso kwa mikono miwili.

"Usimtazame farasi," alisema. "Nitazame mimi."

Nikamtazama farasi. Ukungu alikuwa anajaribu kusimama, na mguu wa mbele haukumkubalia. Alijaribu tena. Bi Greta alikuja kutoka kilimani akiwa hakimbii, anatembea kwa haraka tu, akakaa kwenye majani akakipakata kichwa cha Ukungu. Akawa anasema naye kwa Kijerumani, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Daktari wa wanyama alikuwapo, maana shughuli kama ile haifanywi bila ya daktari. Alikuwa msichana. Nadhani alikuwa ametoka chuoni mwaka ule ule. Alimpima farasi, akamtazama Bi Greta, na Bi Greta akakubali kwa kichwa. Yule msichana akafungua mkoba wake. Akamchoma Ukungu sindano ya kumlaza moja kwa moja; alifanya kila kitu sawasawa, hakukosea. Alipomaliza alisimama, akaenda nyuma ya ghala peke yake. Wakati wananibeba nilimuona huko. Alikuwa ameegemea ukuta, ametazama chini, na hakuna mtu aliyekwenda kumsemesha. Kila mtu alikuwa anashughulika na mimi.

Hiyo ndiyo sura niliyorudi nayo nyumbani, mwanangu, kuliko maumivu. Nitakueleza kwa nini.

Hospitali ya kule Bi Greta alikuja kunitazama. Alikaa kwenye kiti, akatoa tofaha na kisu, akawa analimenya. Kisha akaniuliza, "Alikuwa anakimbia vizuri?"

Nikamwambia, "Vizuri sana. Sijapata kuona."

"Nilitaka kujua hilo," alisema. Akanipa tofaha, akaondoka. Hakuniambia kuwa amenisamehe na mimi sikumuomba. Sikuwa na lugha ya kumuomba, lakini hata kwa Kiswahili sijui kama ningeweza. Atakuwa ameshafariki sasa. Sikutumi uende kumtafuta wala kulitafuta jiwe lile. Una kazi yako.

Ungedhani mtu akishapata fundisho kama hilo, amelipata. Mimi sikulipata.

Nilirejea Oman na vyuma ndani ya nyonga. Daktari wa hospitali ya Nizwa akanikataza kupanda farasi mpaka yeye mwenyewe aseme. Siku zikapita, nikawa natembea vizuri, sasa Idi ikaingia, na jamaa zetu wa mji wa Ibra walikuwa na shughuli ya farasi uwanjani. Nilikwenda kutazama tu. Pale uwanjani nikasikia mtu nyuma yangu anamwambia mwenzake, "Huyu ndiye aliyeangukia kwa Wajerumani." Alisema hivyo tu, wala hakusema kwa ubaya. Nikaenda nikaazima farasi.

Nilikimbia vizuri. Watu walishangilia. Nilipoteremka mguu ulinikatalia, na haujanikubali sawasawa mpaka leo. Kwa hiyo usiwalaumu Wajerumani. Wao walinitengeneza. Nyonga iliharibika hapa hapa Oman, uwanjani Ibra, mbele ya jamaa zangu, nikiwa natabasamu.

Nizwa wakanilaza tena. Kulikuwa na muuguzi mmoja, familia yao ni watu wa Pemba waliorejea Oman wakakaa Birkat al-Mauz, karibu na hapo. Alikuja na faili mkononi, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyepanda farasi na vyuma ndani?"

"Ndiye mimi."

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilidhani una adui."

Huyo ndiye mama yako. Mambo ya baadaye ameshakuhadithia mwenyewe, na anavyohadithia yeye mimi nachekesha zaidi kuliko nilivyokuwa. Kweli yake ni kwamba nilikuwa mtu mzito kukaa naye. Kikosini walinitoa kwenye tandiko wakaniweka stoo ya chakula cha farasi. Asubuhi nawasikia wenzangu wanatoka, vikuku vya matandiko vinagongana, wanaitana, na mimi napokea magunia. Nilifanya kazi ile mpaka nilipostaafu. Sikuwa mvivu wala sikuwa mwizi, lakini sikuipenda hata siku moja, na nyumbani nilikuwa naileta ile hali ya kutopenda naiweka mezani pamoja na chakula. Nyinyi mkawa mnakula kimya kwa sababu yangu. Najua. Nilikuwa nawaona.

Khalfan aliacha kikosi akarudi kwao Adam kwenye biashara ya mifugo. Alikuwa akinialika kila mara na mimi nikitafuta udhuru. Ni yeye aliyeniinua kutoka chini siku ile, na kwa miaka mingi nilikuwa siwezi kumtazama bila ya kuona majani yale. Angeweza kuchoka na mimi. Badala yake akawa anakuja yeye, analeta mbuzi, anakaa, anakunywa kahawa, anaondoka. Hakupata kuniuliza kwa nini siendi kwake.

Ulipofikia umri wa skuli mama yako akakupeleka Adam likizo, ukarudi unanuka farasi. Nilikasirika. Nilimwambia mama yako, huyu asipande tena.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Wajua kwa nini."

"Mtoto huyu si nyonga yako," alisema, akaenda zake jikoni.

Basi ukaendelea kwenda. Ami Khalfan akakufundisha yote unayoyajua, na mimi nikawa najifanya sioni mchanga kwenye viatu vyako. Mara moja moja nilikuja kukuchukua nikakuta hujamaliza, nikakaa garini nikakutazama kwa mbali. Hukujua. Una mikono mizuri, mikono isiyomvuta farasi mdomo. Hilo sikuwahi kukwambia, nakwambia sasa.

Kisha ukamaliza skuli, ukaja na karatasi zako, ukanambia unataka kwenda Ujerumani kusomea udaktari wa farasi. Nikakwambia hapana. Ukaniuliza sababu, nikakwambia ni mbali. Mama yako akaniuliza sababu, nikamwambia msichana peke yake. Hata mimi mwenyewe nilijisikia naongopa. Sababu ilikuwa ni yule daktari aliyeegemea ukuta wa ghala. Uliposema "daktari wa farasi" nilimuona, na alikuwa na uso wako. Nikafikiri, siku moja mpumbavu mmoja atapita mahali asipotakiwa kupita, na mwanangu ndiye atakayeitwa kumaliza, kisha ataachwa asimame peke yake. Nikaona bora unichukie.

Ukapoteza mwaka kwa ajili hiyo. Hukunichukia, lakini uliacha kuimba bafuni, na mama yako aliacha kusema na mimi isipokuwa ya lazima. Ulikuwa mwaka mrefu, Thuraya. Ulinichosha kuliko miaka yote ya stoo.

Nataka nikueleze sasa kwa nini nilibadilika, kwa sababu najua unaamini kuwa mama yako alinibembeleza mpaka nikakubali. Hakunibembeleza. Alikuwa ameshachoka na mimi.

Ilikuwa majira ya baridi yaliyopita, mbio za masafa marefu kule kwenye mchanga, kupita Ibra. Ulikuwa umempanda farasi jike wa Ami Khalfan, yule mwekundu. Mimi nilikuja kwa sababu Khalfan alinipigia akasema ukikosa leo sikupigii tena. Nikakaa kwenye kiti chini ya hema. Mlipofika kituo cha mwisho cha kupumzika ulikuwa mbele ya wote, na wa pili wako hata vumbi lake lilikuwa halijaonekana. Daktari wa mashindano akampima farasi, mapigo ya moyo, miguu, akamtembeza, akasema anaruhusiwa kuendelea. Ukapanda, ukatoka, watu wanapiga makofi. Nilipiga na mimi.

Baadaye kidogo tukakuona unarudi. Umeteremka, unatembea kwa miguu, umemshika hatamu.

Khalfan akakimbilia. "Kuna nini?"

"Sijui, Ami. Hayuko sawa."

"Daktari kampitisha."

"Najua. Lakini mimi nimemkalia. Hayuko sawa."

"Mwanangu, uko wa kwanza."

"Naona hivyo, Ami," ulisema. Ukaanza kumfungua tandiko.

Kulikuwa na vijana kando wakacheka. Mmoja akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika, kuwa mwanamke ameogopa. Ulisikia, nilikuona ulivyosikia. Hukugeuka. Ulimwaga maji kwenye shingo ya farasi, polepole, kuanzia masikioni kushuka.

Kesho yake Khalfan alinipigia akasema farasi amekula, anatembea, hana neno. Kwa hiyo mpaka leo hatujui kama ulikuwa na haki. Huenda alikuwa na kitu kinaanza, huenda hakuwa na kitu chochote na ukaacha ushindi bure. Watu wa Ibra wamekwisha amua kuwa ni hilo la pili. Mimi sijali ni lipi. Nilikaa kwenye kile kiti na nyonga yangu nikakuona unarudi kwa miguu mbele ya watu wote, na nikafahamu kuwa nimekaa mwaka mzima nikimuogopea mtu ambaye hanihitaji nimuogopee. Utafika siku utaegemea ukuta, hilo halina budi katika kazi hiyo. Lakini utaegemea ukishafanya sawasawa, kisha utaondoka ukutani kwa miguu yako.

Wiki ile ile nilitia saini karatasi zako nikaziweka juu ya friji. Uliposhukuru, ulimshukuru mama yako, na yeye akanyamaza kwa sababu ananijua.

Sina mengi ya kukuombea, mwanangu. Nimezeeka mapema na nimechoka, na mtu aliyechoka dua zake huwa fupi. Mungu akupe watu mfano wa Khalfan, ambao husimama wanapoambiwa wasimame na hukimbia wanapotakiwa wakimbie. Akikupa mmoja tu yatosha. Kule watakuwapo wanafunzi wanaojua zaidi yako, na watakuwapo watakaokutania kwa ulikotoka. Utataka kuwaonyesha. Mimi nilitaka kuwaonyesha maisha yangu yote na sasa hata majina yao nimeyasahau. Na kama ukifika katikati ukaona kazi hii siyo, au nchi ile siyo, rudi. Usingoje cheti, usingoje Idi, usitafute maneno ya kunieleza. Piga simu useme saa ya ndege tu. Nitakuja uwanjani, na ndugu zetu nitawajibu mimi.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Siku ile ya mbio, tulipokuwa tunarudi, wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Ukaniuliza, "Baba, nimekuaibisha?" Nami nikakwambia, "Tazama njia." Hukusema tena mpaka nyumbani, na nilijua umeelewa kuwa ndiyo, nimeona aibu. Nimekuacha na hilo toka siku ile.

Haikuwa aibu, Thuraya. Nilikuwa nalia, na sikutaka ugeuke unione.

Nenda kwa amani ya Mungu. Mlango huu ni wako.

Baba yako,
Nassor